Mwoga Aliyetulindia Mlango

Katika watu wote niliowajua London, sijamwona mwoga kama yule mwanamke, wala sijamwona mwingine aliyetulindia mlango kwa miaka mingi kama yeye. Sisi wanawake wa Pemba na Unguja tulimwita Bibi wa Mlangoni. Jina lake halisi tulilijua, lakini lilitushinda kulitamka, na aliposikia tunavyolivunja aliomba tuliache. "Niiteni mnavyoitana wenyewe," alisema. Basi akawa Bibi. Tulipomweleza kwamba kwetu neno hilo ni la mwanamke wa heshima na pia la mama wa mama, alifikiri kidogo, akasema, "Mjukuu sina, heshima sijui. Lakini nitalichukua."

Mlango wenyewe ulikuwa ubavuni mwa sinagogi moja la Ilford, mashariki mwa London. Waumini wake walikuwa wakipungua kila mwaka, vijana wao wakihamia mbali, na ukumbi wa chini ulibaki mkubwa na mtupu. Jumapili mchana waliufungua kwa ajili yetu sisi tulioomba hifadhi: Wapemba, Wakongo, Wasomali, na baadaye watu wa Kosovo. Mlikuwa na supu, makoti ya baridi, maziwa ya watoto, wakili wa kujitolea aliyekaa karibu na piano, na walimu wastaafu waliotufundisha Kiingereza. Bibi hakupika wala hakufundisha. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni, kumtazama kila anayekuja, na kuamua kama aingie.

"Mlinzi gani huyu anayetetemeka?" aliniuliza jirani yangu Bi Zuwena siku ya kwanza.

Na kweli alikuwa anatetemeka. Alikuwa mwembamba, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi, mikono haitulii. Nasi tulikuwa tunatetemeka vilevile. Mimi nilitoka Pemba baada ya fujo za uchaguzi, baada ya kaka yangu kupigwa mbele ya nyumba yetu, nikiwa mjane na binti mmoja, Rahma. Nilikuwa sijawahi kumwona Myahudi kwa macho yangu. Niliyoyasikia juu yao niliyasikia redioni na barazani, na hakuna hata moja lililonipa moyo wa kuingia nyumba yao ya ibada. Bi Zuwena ndiye aliyenivuta mkono. "Nguruwe hawali hao, kama sisi," aliniambia. "Na mtoto ana kikohozi. Twende, Mwenyezi Mungu anaona nia."

Bibi aliomba kuuona mkoba wangu. Alitia mkono, akagusa msahafu wangu mdogo niliokuwa nimeufunga kitambaa, akatoa mkono haraka kama aliyeungua.

"Hiki ni kitabu chenu kitakatifu?"

"Ndiyo."

"Nimekigusa vibaya?"

Kiingereza changu kilikuwa kidogo. Nikasema hakuna neno. Akanirudishia mkoba kwa mikono miwili, na tangu siku hiyo hakutia tena mkono wake ndani ya mkoba wa mwanamke yeyote wa Kiislamu. Alisema, "Fungua mwenyewe, mimi nitatazama." Kutazama kulimtosha. Macho yake yalikuwa ya rangi ya majivu, na yakikutazama ulihisi amekwisha kujua umelala wapi.

Alikozaliwa sikumwuliza, wala yeye hakuniuliza mimi. Watu wa sinagogi walinong'ona mambo ya utotoni mwake, na ya wenzake wa nyumba moja ambao hawakufika Uingereza. Sitayaandika, kwa sababu mwenyewe hakuwahi kunisimulia. Ninachoweza kuandika ni vitu alivyoviogopa, kwa maana hivyo havikufichika.

Aliogopa kengele ya mlango. Aliogopa mtu yeyote aliyevaa sare, hata wakaguzi wa tiketi. Aliogopa gari lililoegeshwa likiwa na mtu ndani. Aliogopa wanaume wakicheka pamoja nyuma yake, na mtoto akipasua puto alishika ukuta. Akiingia jengo lolote jipya, swali lake la kwanza lilikuwa, "Mlango wa pili uko wapi?" Tulipomwalika msikitini kwetu, upande wa wanawake, aliliuliza hata kabla hajavua viatu. Mke wa imamu akamchukua kumwonyesha, akafungua komeo, wakatoka wote wawili hadi kwenye mapipa ya taka, wakarudi. Ndipo Bibi akakaa chini, akanywa chai, akauliza habari za kila mtoto.

Jumapili moja alikuta furushi mlangoni. Alituinua wote mezani, vijiko mikononi, akatutoa kwa mlango wa nyuma hadi kwenye mvua, akaita polisi. Polisi walikuja na kamba yao, wakafunga barabara, na mwishowe ikaonekana ni nepi za watoto zilizoletwa na kanisa la jirani kama msaada. Watu walikasirika, supu ilikuwa imepoa. Hakuomba radhi. "Mmelowa," alisema, "na mko hai. Nendeni mkale."

Neno lake kubwa lilikuwa hilihili la kula. Mgeni akisita kizingitini, akitazama nyota ya Kiyahudi iliyochongwa juu ya mlango, Bibi alimgusa kiwiko akasema, "Kuogopa niachie mimi. Wewe ingia ule." Nilimsikia akiwaambia wanaume wa Kikongo walionizidi urefu mara mbili. Waliinama wakaingia.

Supu ile, hata hivyo, haikuwa na chumvi wala roho. Bi Zuwena aliivumilia mwaka mzima. Kisha siku moja akaja na sinia la sambusa za nyama, zimefunikwa kawa, bado za moto. Bibi akamsimamisha.

"Haziwezi kuingia jikoni."

"Chakula changu ni najisi?" Bi Zuwena alipaza sauti kwa Kiswahili, mimi nikafasiri kwa woga.

Jasho lilimtoka Bibi kwenye mdomo wa juu. Alieleza kwamba jiko lina sheria zake, nyama lazima ichinjwe kwa namna yao, na sheria hizo si zake za kubadilisha. "Mwambie tafadhali asiondoke," aliniambia. "Mwambie mimi naogopa sana mtu akiondoka na hasira." Bi Zuwena aliondoka vilevile, na sinia lake kichwani, Ilford nzima inamtazama.

Kumbe Bibi alipata anwani kwetu, akaenda kwake siku ya Jumanne, na sijui alikaa muda gani nje ya mlango kabla hajathubutu kubonyeza kengele. Jumapili iliyofuata Bi Zuwena alikuwa ndani ya jiko la sinagogi, kwa nyama yao na mafuta yao, anakunja sambusa, na rabi, kiongozi wao wa dini, amesimama kando kuhakikisha kila kitu kiko sawa. Rabi alikuwa kijana mwenye mzaha. Alihakikisha hadi akashiba. Tangu siku ile supu nayo ikatiwa pilipili manga na ndimu.

Mwezi wa Ramadhani Bibi aliniuliza kila wiki saa ya magharibi, na mfukoni mwa koti lake akaweka tende ndani ya karatasi. Nilidhani ni ukarimu tu. "Naogopa mtu atazimia mbele yangu," alinieleza, uso mkavu kabisa.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Sisi wageni alitufungulia kila wiki, lakini nyumbani kwake hakumfungulia mtu. Ukitaka kumtembelea ulipiga simu kwanza kutoka kibanda cha pembeni, kisha ukasimama chini ya taa ya barabarani akuone dirishani, ndipo ukasikia komeo moja baada ya jingine. Ndani mapazia yamefungwa mchana kweupe, na kiti chake kinatazama mlango. Mara ya kwanza nilipoketi pale nilishikwa na huzuni, nikajiuliza anawezaje kuishi hivi. Kisha nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe, kwenye chumba nilichopewa na halmashauri, nilikuwa nasogeza kabati mlangoni kila jioni. Nilipomwambia hilo akatingisha kichwa kama fundi anayesikia ushauri wa fundi mwenzake. "Kabati ni zuri," alisema. "Lakini hakikisha unaweza kulisogeza peke yako."

Shukrani hakuzipenda. Ukimwambia ahsante aligeuza uso. Kukumbatiwa ndio kabisa. Rahma tu ndiye aliyeruhusiwa kumshika, kwa sababu Rahma hakuomba ruhusa. Mtoto nilimsemesha kwa Kiswahili, naye akanijibu kwa Kiingereza, na Bibi akawa anakisia nilichosema kutokana na majibu. Kwa njia hiyo alijifunza "njoo", "kaa kitako" na "wacha ujinga", na neno hili la mwisho alilitumia kwa watu wa kamati ya sinagogi.

Sasa niseme habari ya siku ya kusaini.

Maombi yangu ya hifadhi yalikataliwa, wakili akakata rufaa, na wakati tunangoja nilitakiwa kwenda kusaini kwenye ofisi ya uhamiaji kila baada ya muda, kuonyesha kwamba sijatoroka. Anayeijua shida hiyo hahitaji kuelezwa. Unapanga foleni nje, unapekuliwa, unapita kwenye dirisha la kioo, na hujui kama utatoka kwa mlango ulioingilia au utapakiwa kwenye gari la nyuma na kupelekwa kizuizini, halafu uwanja wa ndege. Mwanamke wa Unguja niliyemjua aliingia kusaini asubuhi, na jioni watoto wake walikuwa wanamsubiri shuleni.

Bibi aliniona Jumapili nimekaa, supu sijaigusa.

"Nani anakwenda nawe?"

"Hakuna."

"Ofisi hiyo ina watu wa sare?"

"Wote wana sare, Bibi."

"Na milango yao inajifunga yenyewe?"

"Inajifunga."

Akatazama nje barabarani. "Nitakuja," akasema.

Tulikwenda kwa treni, kisha kwa miguu. Njia nzima alinishika mkono wa koti, si mkono wenyewe, kitambaa tu, kama mtoto anayeogopa kupotea sokoni. Mlangoni walinzi walimwambia avue kofia yake waikague. Akaivua. Nilikuwa sijawahi kuona nywele zake, zilikuwa chache na nyeupe, na nikaona haya kwa niaba yake. Walipopitisha kile chombo cha kukagulia mbele ya kifua chake alifumba macho, midomo ikasogea. Sijui aliomba nini.

Dirishani kijana wa uhamiaji alitazama kompyuta yake, akainuka, akaniambia nipite ndani kwa mahojiano. Chumba cha ndani. Kila aliyekuwa kwenye foleni alijua maana ya chumba cha ndani, wakainamisha vichwa.

"Nakwenda naye," Bibi alisema.

"Wewe si wakili wake, mama. Huruhusiwi."

"Basi nitakaa hapa."

"Unaweza kungojea nyumbani."

"Nimesema nitakaa hapa. Nimemwona akiingia, na nitamwona akitoka."

Sauti yake ilikuwa ndogo, inayumba, lakini chumba kizima kiliisikia. Mlango ukajifunga nyuma yangu.

Sitasimulia niliyoulizwa. Niliulizwa yaleyale, na watu tofauti, nikaachwa peke yangu, nikaulizwa tena. Kuna wakati nilisikia ufunguo na minyororo koridoni, nikaanza kusoma kila sura niliyoijua. Nilimfikiria Rahma darasani. Nilifikiria nani atamchukua, na atamwambia nini. Alasiri ilikuwa imeingia waliponiambia naweza kwenda, rufaa yangu bado iko hai, nirudi tena tarehe nyingine.

Nilipotoka, foleni ilikuwa imekwisha. Bibi alikuwa kwenye kiti kilekile cha plastiki, mgongo umenyooka, macho kwenye mlango niliotokea. Aliponiona hakuinuka. Nikamwendea.

"Bibi, twende. Wameniachia."

"Siwezi kusimama," alisema.

Nikadhani ni miguu. Kisha nikaona sakafu imelowa chini ya kiti chake. Hakuthubutu kwenda msalani tangu asubuhi, akihofia watanipitisha wakati hayupo na hakutakuwa na mtu wa kusema aliniona. Alipoambiwa mara ya tatu aondoke, na mlinzi akamsogelea karibu, mwili wake ukamshinda.

Nilivua kanga niliyojitanda ndani ya koti, nikapiga magoti, nikamfunga kiunoni kama tunavyofungana sisi, nikamwinua. Tulipita mbele ya walinzi wale polepole. Hakuna aliyecheka. Nje alivuta pumzi, akajitazama chini, akaishika ile kanga nyekundu kwa vidole.

"Rangi kali mno kwangu," alisema.

Nilidhani tutalizika jambo lile mimi na yeye. Lakini Jumapili iliyofuata alikuwepo kijana wa Kikongo aliyekuwa anatakiwa kusaini kesho yake, amekataa katakata, anasema atatoroka, heri alale kwenye mabustani kuliko kwenda. Bibi alimsikiliza pale mlangoni, watu wamejaa nyuma yao.

"Unaona haya kwa sababu unaogopa?" alimwuliza. "Mimi nilikojoa kwenye kiti chao, mbele ya watu wote. Na bado tulitoka, mimi na huyu hapa. Kesho saa ngapi?"

Alikwenda naye. Baada ya hapo akawa anakwenda na kila asiyekuwa na mtu, na mkobani mwake kila mara mlikuwa na sketi ya pili. Hakupona woga. Nasisitiza, kwa sababu wapo wanaosimulia habari zake kama vile alikuja kuwa shujaa. Alitetemeka mara ya mwisho kama alivyotetemeka mara ya kwanza.

Mimi nilipata karatasi zangu miaka michache baadaye, nikaanza kazi ya kutunza wagonjwa majumbani, na Jumapili nikawa narudi ukumbini kuosha vyombo. Kwa hiyo nilikuwepo Julai ile ya 2005 mabomu yalipolipuka kwenye treni na kwenye basi.

Wiki ile kila mtu London alitembea anatazama mabegi ya wenzake. Waliolipua walikuwa Waislamu, na sisi wenye mitandio tulitazamwa sisi wenyewe. Bi Zuwena alivutwa mtandio kwenye kituo cha basi na mwanamume aliyevaa suti nzuri, akarudi nyumbani, akasema hatoki tena. Kamati ya sinagogi ikaitisha mkutano, na rabi akatuomba baadhi yetu tuhudhurie. Nilikwenda peke yangu.

Aliyesema zaidi alikuwa mzee mmoja mwenye duka la dawa, mtu mpole, ambaye mara nyingi alituletea dawa ya kikohozi. Sikumchukia, alikuwa na wajukuu waliosoma dini ghorofani, juu ya ukumbi wetu. "Ukumbi ufungwe kwa muda," alisema, bila kunitazama. "Hatuwajui wanaoingia. Huo ndio ukweli, samahani. Hatuwajui."

Bibi akasimama. Aliushika mgongo wa kiti cha mbele yake.

"Mimi nawajua. Nimewatazama usoni kila mmoja, miaka yote hii. Nawatazama kama mtu anayeogopa. Nyinyi mkiwatazama mnaona shida zao. Mimi natafuta yule atakayetuua. Kila Jumapili namtafuta. Sijamwona."

"Na ukikosea?" yule mzee aliuliza. Aliuliza taratibu, na nilijua anaogopa kwelikweli.

"Nikikosea nitakuwa nimesimama mlangoni. Atanikuta mimi kwanza."

Mzee wa dawa alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, kisha akasema, "Basi nitasimama na wewe." Na kweli alikuja, na kiti chake cha kukunja, mpaka alipofariki.

Ukumbi ukabaki wazi, lakini Jumapili ya kwanza hakuja mtu. Supu ilirudi jikoni bila kuguswa. Jumatatu yake asubuhi nikamkuta Bibi nje ya nyumba ya Bi Zuwena na kikapu cha magurudumu.

"Mwulize anataka nini sokoni," aliniambia.

Bi Zuwena alichungulia dirishani, akafungua. Wakatoka pamoja, mimi nyuma yao. Bibi alitembea ubavuni mwa Bi Zuwena upande wa barabara, anamkazia macho kila anayepita, anashtuka kila honi ikilia, na kila akishtuka Bi Zuwena naye anashtuka.

"Huyu ananizidishia!" Bi Zuwena alinilalamikia kwa Kiswahili. "Nilikuwa na woga wangu mmoja, sasa ninao miwili!" Na pale mbele ya meza za mihogo, kwa mara ya kwanza tangu avutwe mtandio, akacheka mpaka machozi. Bibi akauliza amesema nini. Nikamfasiria. Akatafakari, akasema ni kweli, lakini kesho atakuja tena. Akaja kesho, na wiki ile yote, na iliyofuata.

Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa kwenye nyumba ya wazee, kando ya barabara kubwa. Rahma alikuwa chuo kikuu, nami nilikuwa sijamtembelea Bibi tangu majira ya baridi. Muuguzi wa mapokezi aliniambia nisishangae, ugonjwa wa kusahau umekwenda mbio. Nilijiandaa kumkuta amejikunyata pembeni. Kwenye kazi yangu nimewaona wengi wanaorudi kwenye hofu zao za utotoni, na za kwake nilikuwa nazihofia kabla sijaziona.

Nilimkuta bustanini, kichwa wazi, jua limempiga usoni, anampungia mkono kila anayepita.

"Wewe ni nani?" aliniuliza kwa furaha.

"Mimi ni mama yake Rahma."

"Vizuri sana. Twende tukatembee."

Aliruhusiwa kutoka akiwa na mtu, basi tukatoka. Alitembea haraka kuliko nilivyomzoea. Alimsalimia polisi aliyesimama kituo cha basi, akamshika hata kola ya koti, akaisifu. Alisimama kuwatazama vijana waliokuwa wakipigana mieleka ya mzaha mbele ya duka la kuku, akapiga makofi. Nilipaswa kufurahi. Mwanamke yule alikuwa amebeba mzigo ule maisha yake yote, na sasa ulikuwa umeondolewa, na uso wake ulikuwa laini kama wa msichana. Lakini kila hatua yake nilijikuta nikitazama nyuma yetu.

Kwenye kivuko taa ilikuwa nyekundu. Hakuitazama. Aliteremka barabarani kama mtu anayeingia sebuleni kwake, na lori lilikuwa linakuja. Nilimdaka kwa mkono wa gauni, nikamvuta kwa nguvu hadi tukagongana kifuani. Lori likapita na honi yake. Hakushtuka.

Alinitazama. Macho yale ya majivu yalinitazama kwa mshangao.

"Mbona unatetemeka?"

"Nimeogopa, Bibi."

"Unaogopa nini?" aliuliza, na aliuliza kwa dhati, kama mtu anayetaka kuelezwa jambo ambalo hajawahi kulisikia.

Nilimshika mkono, mkono wenyewe, naye hakuutoa. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikatazama tena kulia, na tukangoja taa ibadilike.